Mbegu ya Tango la Kienyeji ni Amana

Katika vyakula ambavyo Mwenyezi Mungu amevitaja kwa majina ndani ya Kitabu chake kitukufu, kimojawapo ni tango. Tazama Sura ya Al-Baqara, Aya ya 61, ilipoelezwa khabari ya Wana wa Israili walipomwambia Nabii Musa kwamba wamechoka kula chakula cha namna moja, wakataka waombewe mimea ya ardhi: mboga na matango, thomu na adesi na vitunguu. Walikemewa kwa maneno yao hayo. Lakini hawakukemewa kwa kuwa tango ni kitu kibaya, bali kwa uchache wa subira na shukrani. Na dalili ya wema wa chakula hiki ni Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kwa Abdullahi bin Jaafar, kwamba alimwona Mtume (s.a.w.) akila tende laini zilizoiva pamoja na matango. Wanazuoni wakaeleza kuwa moto wa tende hupozwa na ubaridi wa tango.

Basi leo, ndugu wasomaji, twapenda kuzungumza nanyi juu ya tango. Si kulinunua sokoni na kulikatakata kachumbari tu, bali kulipanda katika ua wa nyumba, na zaidi ya hayo, kuihifadhi mbegu yake ya asili mwaka baada ya mwaka. Kazi ya kwanza watu wengi huijua. Hii ya pili ndiyo inayotupotea.

CHUPA YA MARASHI

Mimi nimelelewa na bibi yangu mzaa baba, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kila mwaka, mvua za vuli zikikaribia, alikuwa akiteremsha chupa kuukuu ya marashi iliyoning'inizwa katika dari ya jiko, akamimina mbegu za tango kiganjani, akatwambia sisi watoto tuchimbe mashimo kando ya kisima. Tango lake lilikuwa fupi na nene, la kijani lenye michirizi myeupe, na ladha yake ilikuwa tamu hata mkiani.

Nilipopata ujana na kujiona mjuzi, nilinunua dukani pakiti ya mbegu yenye picha ya kupendeza. Sikatai, mazao yake yalikuwa mengi na matango yalilingana kama yaliyotiwa katika kalibu. Nikamwambia bibi kwamba mbegu zake zimepitwa na wakati. Hakunijibu neno, aliirudisha chupa mahali pake, na tangu siku hiyo hakuiteremsha tena. Kwa muda wa miaka minane nikawa nanunua pakiti. Kisha pakiti ile haikuonekana tena dukani. Nikasema moyoni, hapana neno, nitapanda mbegu za matango yangu mwenyewe. Zikaota, lakini mtango mmoja ulizaa marefu, wa pili ukazaa yaliyopinda kama ndoana, wa tatu machungu yasiyolika, na mingine haikuzaa kitu.

Wakati huo bibi alikuwa amekwisha tangulia mbele ya haki. Nikaiteremsha chupa. Zilikuwamo mbegu thelathini na tisa. Nikazipanda zote, nikazimwagilia asubuhi na jioni. Wiki tatu zikapita, haikuota hata moja. Joto la jiko na unyevu wa pwani vilikuwa vimeziua zamani.

Hapo ndipo nilipojua kuwa sikupoteza mboga tu. Nilikuwa nimepokea amana kutoka kwa watu walionitangulia, nikaiacha ife mikononi mwangu kwa sababu ya picha iliyo juu ya karatasi. Wahenga walisema: Usiache mbachao kwa msala upitao. Khabari ya mwisho wa chupa hiyo nitaieleza mbele, inshallah.

MBEGU YA ASILI NA MBEGU CHOTARA

Vijana wengi huuliza: Kwa nini mbegu za matango yale mazuri ya dukani zisizae mfano wake? Jawabu ni hili. Mbegu chotara hupatikana kwa kuoanisha mitango ya nasaba mbili mbalimbali. Kizazi cha kwanza hutoka kimoja na chenye nguvu. Lakini ukizipanda mbegu za kizazi hicho, sifa za wazee wawili hutawanyika, kila mche ukachukua fungu lake. Tena yako matango ya siku hizi yaliyofanywa yazae bila ya kuwa na mbegu kabisa. Ama mbegu ya asili ni ile ambayo imepandwa na kuvunwa vizazi vingi mpaka tabia yake imetulia. Ikilindwa isichanganyike, mtoto humfanana mzazi.

Lakini yatupasa kusema kweli yote. Mbegu chotara si haramu wala si adui. Nyingi katika hizo zimefanywa zistahimili maradhi, na mkulima auzaye matango sokoni aweza kupata faida nazo. Taabu yake ni kwamba kila msimu lazima arudi dukani na fedha mkononi, na siku duka likikosa, naye amekosa. Wala si kila mbegu ya dukani ni chotara. Aina iitwayo Ashley, iliyotolewa South Carolina, Marekani, mwaka 1956, ambayo huuzwa pia Afrika Mashariki, si chotara. Mbegu yake yaweza kuwekwa. Kwa hiyo mtu asome pakiti kabla ya kununua: ikiandikwa F1, hiyo ni chotara.

TANGO NA JAMAA ZAKE

Waarabu wana majina mawili, khiyar na qiththaa. Khiyar ndilo tango letu hili la kawaida. Wataalamu wa mimea wasema asili yake ni Bara Hindi, chini ya milima ya Himalaya. Qiththaa, neno lililotumika katika Aya tuliyoitaja, ni tunda refu lenye mifuo na malaika laini juu ya ganda, na kwa nasaba ni jamaa wa tikiti lile lenye harufu nzuri, ingawa huliwa likiwa bichi kama tango. Hilo ndilo lililolimwa Misri na nchi za Sham katika zama za kale. Tango la Kihindi lilifika huko baadaye. Wapalestina hulijua kwa jina la faqqus, na mpaka leo hulilima kwa umande na unyevu wa ardhi tu, bila kulimwagilia.

Elimu hii ina faida yake katika bustani. Watu husema, usipande tango karibu na boga au tikiti maji, lisije likachacha au likawa chungu. Si kweli. Tango haliingiliani na boga, wala na tikiti maji, wala na tikiti la harufu. Huingiliana na tango mwenziwe tu. Lakini qiththaa, kwa kuwa ni jamaa wa tikiti la harufu, huingiliana nalo. Tena maingiliano hayo hayabadili ladha ya tunda la mwaka huu, bali huibadili mbegu iliyomo ndani yake, na aibu hudhihiri mwaka ujao.

Aina za asili ni nyingi na kila moja ina sura yake. Liko tango la mviringo na manjano mfano wa limau; liko la Wahindi liitwalo Poona Kheera, ambalo ganda lake hugeuka rangi ya kahawia; na liko jeupe, White Wonder, ambalo mfanya biashara wa mbegu W. Atlee Burpee wa Philadelphia alilitangaza mwaka 1893.

NAMNA YA KUPANDA

Tango hupenda joto, jua na maji, nalo halipendi kutuama kwa maji miguuni. Chagua mahali panapopata jua muda wa saa sita au zaidi kwa siku. Chimba shimo la kina cha futi moja na upana wa futi moja, ulijaze udongo uliochanganywa na samadi iliyooza barabara. Samadi mbichi huunguza mizizi. Kati ya shimo na shimo acha nafasi ya hatua moja. Zika mbegu tatu au nne katika kila shimo, kina cha sentimita 2, kisha mwagilia taratibu. Katika nchi za joto mbegu njema huota baina ya siku ya nne na ya nane. Miche ikipata majani mawili ya kweli, bakiza miwili iliyo na nguvu, mingine uikate kwa mkasi. Usiing'oe, maana utaitikisa mizizi ya wenziwe.

Mwenye ua mdogo asihuzunike. Simamisha fito mbili na kufunga kamba za makumbi katikati, urefu wa kimo cha mtu, uifundishe mitango kupanda juu. Matango yaning'iniayo hunyooka, hayaozi kwa kugusa ardhi, na kuku hawayafikii. Hata debe kuukuu lililotobolewa chini lafaa kwa mtango mmoja.

Maji ndiyo siri ya utamu. Mtango uliopata kiu, hasa wakati wa joto kali, huongeza uchungu katika matunda, na uchungu huo hukaa zaidi upande wa kikonyo na chini ya ganda. Mwagilia asubuhi, kwenye shina wala si juu ya majani, na utandaze majani makavu kuzunguka shina ili unyevu usikimbie. Maji ya kuoshea mchele na mboga yasimwagwe ovyo. Yote yana kazi bustanini.

Matunda ya kwanza huwa tayari baina ya siku 50 na 70 tangu kupanda. Yachume kila baada ya siku moja au mbili yangali machanga. Ukiliacha tango likomae, mtango huona kazi yake imekwisha, ukapunguza kuzaa.

MARADHI NA WADUDU

Adui mkubwa wa matango katika pwani yetu ni inzi wa matunda, atagaye mayai ndani ya tango changa likaoza kwa funza. Dawa ya nyumbani ni kulivika tango mfuko wa karatasi lingali dogo kama kidole, na kuyaokota yote yaliyoharibika, kuyazika chini sana kiasi cha nusu mita. Kuyatupa jalalani ni kumlea adui. Vidukari huondoshwa kwa maji ya sabuni. Majani yakifanya unga mweupe au madoa ya manjano, punguza yaliyosongamana ili upepo upite. Na mwaka ujao usipande tango, boga wala tikiti pale pale. Pande kunde au mchicha, urudi baada ya miaka miwili au mitatu. Mche wenye majani yaliyojikunja na madoadoa ya kijani na manjano ung'oe upesi, na kamwe usiutwalie mbegu.

KUILINDA MBEGU

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mtango huzaa maua ya aina mbili. Ua dume husimama juu ya kikonyo chembamba, na ndilo hutangulia. Ua jike lina kitango kidogo nyuma yake. Nyuki ndiye achukuaye unga wa manjano, yaani chavua, kutoka ua dume kupeleka ua jike. Ikiwa jirani zako hawana matango ya aina nyingine, kwa umbali wa nusu maili au zaidi, mwachie nyuki kazi yake. Lakini mjini twaishi ukuta kwa ukuta, kwa hiyo yafaa uifanye kazi hiyo kwa mkono wako.

Jioni tafuta maua madume na majike ambayo yamekwisha anza kuwa manjano lakini hayajafunguka, uyafunge vinywa kwa uzi laini. Asubuhi mapema chuma maua madume mawili, ondoa majani yake ya manjano, kisha fungua ua jike na kupakaza chavua katikati yake. Lifunge tena ua jike ili nyuki asiingie, na ufunge uzi wa rangi katika kikonyo chake iwe alama. Waambie watoto na jamaa wote wa nyumba: lenye uzi haliliwi. Usitegemee mtango mmoja. Changanya chavua baina ya mitango sita au zaidi iliyo bora na yenye afya, ili nasaba isidhoofike.

Tango la mbegu liache mtangoni mpaka ligeuke manjano au kahawia na kuwa kubwa, kiasi cha wiki tano au sita tangu siku ya kulioanisha. Likate, uliweke kivulini wiki moja au mbili zaidi. Kisha lipasue, uzikombe mbegu pamoja na ute wake katika bakuli, utie maji kidogo, ufunike kwa kitambaa. Korogea kila siku. Baada ya siku mbili au tatu ute utachacha na kuachana na mbegu. Ongeza maji: zilizo njema huzama, na kapi huelea pamoja na takataka. Mwaga kapi, osha zilizozama, uzitandaze juu ya ungo au sahani, mahali pa kivuli na upepo, muda wa wiki moja au zaidi, ukizigeuza. Usizianike katika jua kali, wala juu ya karatasi, maana zitagandamana nayo. Mbegu iliyokauka vizuri huvunjika ukiikunja. Ikipinda bado ina maji.

Itie katika chupa yenye kifuniko cha kubana, pamoja na kifuko cha mchele uliokaangwa ukakauka na kupoa, ili uvute unyevu. Andika jina na mwaka. Chupa iwekwe mahali pa baridi na giza. Si jikoni, kama alivyoiweka bibi yangu. Ikihifadhiwa hivyo, mbegu ya tango hudumu miaka mitano au zaidi. Hata hivyo usingoje. Panda sehemu yake kila mwaka au kila mwaka wa pili, upate mpya.

MBEGU ILIYOTOLEWA

Sasa niimalize khabari ya chupa. Miaka michache baada ya msiba ule, nilikwenda shamba kumzuru bibi mmoja mkongwe, aliyekuwa jirani yetu zamani. Baada ya kumwamkia, alinikaribisha kwa tende na sahani ya tango lililokatwa. Nilipotia kipande kinywani nilinyamaza. Ilikuwa ladha ile ile, tamu hata mkiani.

Nikamwuliza, "Bibi, mbegu hii umeipata wapi?"

Akacheka. "Mwanangu, wauliza cha kwenu? Hii ni mbegu ya bibi yako. Alinipa konzi moja siku nilipohamia huku. Akanishurutisha jambo moja tu, akija mtu kuomba nisimnyime."

Aliniletea mbegu zilizofungwa katika kitambaa, nami nilirudi nazo kama aliyerudishiwa mali iliyopotea baharini. Ile aliyoiweka bibi yangu chupani ilikufa. Ile aliyoitoa ndiyo iliyobaki, ikarudi kwa mjukuu wake aliyeidharau.

Jambo hili wameling'amua na watu wa nchi nyingine. Huko Marekani, mwaka 1975, Diane Ott Whealy na mumewe Kent walianzisha chama cha kubadilishana mbegu, Seed Savers Exchange, baada ya babu yake Diane kuwapa mbegu ambazo jamaa zake walizileta kutoka Bavaria. Katika uchunguzi uliofanywa nchini humo mwaka 1983, aina za matango zilizouzwa mwaka 1903 zilihesabiwa 285. Zilizokutwa katika ghala la mbegu la taifa zilikuwa 16 tu. Na huko Palestina, mwaka 2014, Bibi Vivien Sansour alianzisha maktaba ya mbegu za kale, ambayo huazima mbegu kama vitabu vinavyoazimwa: uchukuaye sharti upande, na ukivuna urudishe.

WASIA KWA NYUMBA ZETU

Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha, katika Hadithi iliyopokelewa kwa Anas, kwamba Mwislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Kwa madhehebu ya Imamu Shafii matango hayana zaka, lakini sadaka haina kiwango. Basi mazao ya kwanza yagawanyeni kwa majirani, na konzi ya mbegu iende pamoja nayo.

Enyi vijana, kabla ya vuli ijayo waendeeni bibi zenu na wazee wa mtaa. Waulizeni walikuwa wakipanda nini, na ni nani aliye nayo mbegu hiyo hata sasa. Wasikilizeni kwa adabu, kwa maana wengine wamekaa miaka mingi wakingoja mtu wa kuwauliza. Mkipewa mbegu kumi, pandeni tano, wekeni tatu, na mbili mpeni mwenzenu. Enyi kina mama, ichukueni chupa moja tupu, muioshe na kuikausha, muandike juu yake jina la aliyewapa mbegu. Mtoto atakayeisoma atajua ametoka kwa nani.

Mwenyezi Mungu abariki mashamba yetu na nyua zetu, awarehemu waliotupandia, na atujaalie tuwaachie watoto wetu kitu kitakachoota. Amin.